Mgeni Hashiki Kamba Humu

Jumatatu, 3 Machi

Manyunyu, na upepo wa baharini.

Mwalimu Allenby ametuagiza tuandike shajara mpaka likizo ya mwisho wa Mei. Tuanze na hali ya hewa, kisha tuandike tulichokiona na kukisikia, na mawazo yetu yaje mwisho. "Ukianza na mawazo," alisema, "macho yatakwenda kutafuta vitu vya kuyafurahisha." Nimeyanakili maneno hayo ndani ya jalada.

Naitwa Bryony Tasker, nina miaka kumi na minne. Naishi kijijini Gosdyke na Mama na Babu. Mama anafanya kazi kwa zamu kwenye banda la kufungasha koliflawa. Babu alikuwa fundi wa matrekta, sasa amestaafu, na ndiye kiongozi wa wapiga kengele wa kanisa letu. Sina mawazo ya leo.

Jumatano, 5 Machi

Mvua asubuhi, jioni mbingu nyeupe.

Mazoezi ya kengele. Zetu ni sita, nasi tuko sita, hakuna wa akiba. Mimi napiga ya kwanza, iliyo ndogo kuliko zote, Bibi Pocklington ya pili, Bwana Sleight mwenye mashamba ya kabichi ya tatu, Kasisi ya nne, Milda ya tano, na Babu ya sita. Zinalia kwa zamu, kutoka nyembamba hadi nene, kila moja ikiiachia mwenzake nafasi, halafu mzunguko unaanza upya.

Ya tano ilikuwa ya bibi yangu. Alipofariki, kamba ya kuivutia ilikaa imefungwa ukutani msimu mzima, mpaka Babu alipomwambia Milda, "Wewe una mikono yenye subira. Njoo." Kengele ile ni nzito na mvivu. Ukiikimbiza inakugomea. Milda huisubiri, kisha huivuta kama mtu anayemwamsha mtoto.

Mawazo: Milda ni rafiki yangu wa pekee. Nimeliandika na nimeliangalia, na ni kweli.

Jumatatu, 10 Machi

Ukungu. Hakuna jipya.

Jumatano, 12 Machi

Jua baridi.

Watu wa televisheni wamekuja! Mwezi uliopita Chama cha Kujitoa, kinachotaka nchi yetu itoke katika Umoja wa Ulaya, kilipata diwani wake wa kwanza wilayani, na sasa mji mkuu unataka kutuona. Walipiga picha mfereji mkuu, duka la soseji za Kilithuania, na mashamba. Jioni wakapanda mnara wa kanisa kwenye mazoezi yetu.

Mtangazaji wao ni dada mrefu anayeitwa Philippa. Alimuuliza Babu kengele zina umri gani, nani alizitengeneza, halafu akasema, "Na wageni je, Mzee Tasker? Wanaruhusiwa kupiga?"

Babu akacheka. "Mgeni? Mgeni hashiki kamba humu! Tangu enzi za babu yangu. Waliazima ulimi wa kengele yetu ya pili, kile chuma cha kuigonga, kwa ajili ya harusi yao, wakaurudisha umepinda. Nani atawaamini tena?"

Tulicheka wote, na Milda kuliko wote. Hapa kwetu mgeni ni mtu wa Thornwick, ng'ambo ya mfereji. Bwana Grummitt alitoka Thornwick akaoa Gosdyke kabla Mama hajazaliwa, na hata leo Babu humwita "yule mgeni" akiwa amesimama mbele yake dukani. Milda alizaliwa Kaunas, Lithuania, akaja hapa akiwa na miaka saba. Lakini anakaa kwenye kichochoro chetu, upande wetu wa mfereji, kwa hiyo si mgeni. Sidhani kama Babu amewahi kuwaza vinginevyo.

Philippa alicheka pia, ila kidogo, kama mtu anayecheka kwa lugha asiyoijua.

Jumatatu, 17 Machi

Upepo mkali. Bati la banda limegonga mchana kutwa.

Tulikaa watatu mbele ya televisheni, Babu amevaa tai ndani ya nyumba. Tulionyeshwa muda mfupi kuliko kuchemsha yai. Kwanza bendera za Kujitoa sokoni. Kisha mnara wetu. Kisha Babu, uso umejaa kioo: "Mgeni hashiki kamba humu. Tangu enzi za babu yangu." Hapo hapo wakakata. Shamba la kabichi likatokea, na wanawake wameinama wakikata na kutupa kwenye mkanda wa trekta. Aliye karibu na kamera amejifunga kitambaa cha manjano. Uso wake hauonekani, mgongo tu.

Ni Mama Rasa, mama yake Milda. Kile kitambaa nilikuwepo akikinunua.

"Ulimi wa kengele uko wapi?" Babu akauliza. "Wamekata ulimi."

Mama akazima. "Baba, hukupaswa kusema vile."

"Kusema nini? Nilikuwa naongelea Thornwick!"

"Sisi tunajua."

Jumanne, 18 Machi

Upepo umetulia.

Kwenye basi la shule, wavulana wa nyuma walipiga viti kama ngoma. "Oya Milda! Mgeni hashiki kamba!"

"Nashika ya tano," Milda akasema bila kugeuka. "Wewe hata kamba ya kiatu inakushinda."

Watu wakacheka, nami nikadhani yameisha. Mchana hakuja kwenye meza yetu. Alikaa na wasichana wa Kilithuania karibu na dirisha, ambao zamani aliniambia wanamchosha.

Jumatano, 19 Machi

Mvua.

Milda hakuja mazoezini. Nilipopita kwao alifungua mlango nusu. "Mama kasema nipumzike kwanza."

"Mpaka lini?"

"Kasema kwanza."

Tulipiga kengele tano, Babu akiwa ameifunga kamba ya tano ukutani.

Jumamosi, 22 Machi

Jua. Nimeona kitoto cha kondoo cha kwanza.

Gazeti kubwa la mji mkuu limemwandika Babu. Limemwita "sauti ya chuki itokayo matopeni". Alilisoma amesimama, akalikunja, akalisoma tena. Mwandishi hakuwahi kufika Gosdyke. Babu alisema taratibu, "Matope haya ndiyo yanayomlisha kabichi."

Alasiri akaja Bwana Dowse, mgombea wa Kujitoa. Alileta mkate wa plamu uliookwa na mke wake. Ana sauti laini, na alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. "Mzee Wilf," alisema, "wamekutukana wewe, wametutukana sisi sote."

Babu alimweleza habari ya Thornwick. Bwana Dowse akatikisa kichwa kwa huruma. "Najua, najua. Lakini wao wanajali ulimaanisha nini? Hawajali."

Mawazo: Sikupenda ujio wake. Lakini yeye ndiye mtu wa kwanza kuja kumpa Babu pole, na hilo nalo nililiona, kwa hiyo naliandika.

Ijumaa, 4 Aprili

Joto la ghafla. Haradali ya mashambani imeanza kutoa maua.

Babu amekuwa maarufu. Baa wanamnunulia bia. Mtu na mkewe waliendesha gari kutoka mbali kuja kumshika mkono, wakapiga naye picha mlangoni. Simu inalia wakati wa chakula, na Babu, ambaye zamani alikuwa akiitazama simu kama nyoka, sasa anaiwahi.

Leo kuna bango kwenye uzio wa Bwana Sleight. Uso wa Babu, na chini yake: MGENI HASHIKI KAMBA HUMU. PIGIA KURA KUJITOA.

Lile shamba lenye uzio ndilo analokata kabichi Mama Rasa. Basi letu linapita hapo asubuhi na jioni. Milda huangalia dirisha la upande wa pili.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Tumepiga tano.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Mawingu mepesi.

Tumepiga tano siku ya Pasaka. Bibi Pocklington amesema zinalia kama ngazi iliyovunjika kipandio.

Baada ya ibada nilimkuta Milda peke yake kwenye kituo cha basi, amekaa tu, kwa maana leo hakuna mabasi. Nilikaa pia. Niliyapanga maneno yangu vizuri.

"Unajua alikuwa anawasema Thornwick," nilisema. "Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma."

"Sasa kwa nini unamkasirikia?"

"Ile siku ya televisheni sikumkasirikia. Hata mama yangu nilimweleza, nikamwambia, Mama, ni utani wao wa mfereji." Alikuwa anang'oa rangi ya benchi kwa kucha. "Halafu nikasubiri aseme. Bryony, mama yangu anapigiwa honi na magari, wanafungua dirisha wanapiga kelele maneno ya babu yako. Na yeye babu yako anapita pale kwenye bango kila siku na baiskeli. Analiona. Ameshasema?"

Niliangalia ratiba ya mabasi ukutani.

"Basi," Milda akasema. "Siku hizi sijui tena anamaanisha nani. Yeye mwenyewe anajua?"

Aliondoka, nami nikabaki kungojea basi lisilokuja, kwa sababu sikutaka tutembee njia moja yeye mbele mimi nyuma.

Jumatatu, 21 Aprili

Kavu. Sina cha kuandika. Sijaongea na mtu.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua ya mawe mchana, kisha jua kana kwamba hakuna kilichotokea.

Babu alikuwa shedini, kibandani pake pa kazi, anashona sufu mpya kwenye kamba ya kwanza, yangu, pale inapochakaa kwa mikono. Nikamuuliza moja kwa moja kwa nini hajawaambia watu.

"Nimemwambia Dowse."

"Dowse ndiye aliyetengeneza bango, Babu."

Aliendelea kushona. Nilidhani atanifukuza. Kisha akasema, "Tangu bibi yako aondoke, unajua nilikuwa naongea na nani humu shedini? Na redio. Inazungumza, namjibu mtangazaji. Sasa watu wananiuliza, Mzee Wilf, wewe unaonaje? Hata kama wameniuliza kwa kosa, Bryony. Wameniuliza."

Mwanzoni niliamini televisheni ndiyo iliyomwibia Babu maneno yake. Bado naamini hivyo. Ila leo nimeona kwamba yalipoletwa yamebadilishwa, aliyapokea.

Alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Milda hajambo?"

"Hajambo. Mama yake anapigiwa honi."

Hakulijua hilo. Niliuangalia uso wake kwa makini, kama Mwalimu Allenby anavyotaka, na nina hakika hakulijua.

Jumanne, 6 Mei

Upepo.

Babu amempigia simu Philippa. Nilisikia sauti yake ikitoka kwenye simu, changamfu, ya haraka. Alisema hiyo ya ulimi wa kengele ni hadithi tamu kweli, atamwambia mhariri, lakini kwa sasa, uchaguzi ukiwa karibu, nafasi ni finyu.

"Nafasi," Babu akasema baada ya kukata, kama anayelionja neno.

Jumamosi, 10 Mei

Baridi isiyo ya msimu wake.

Mkutano wa Kujitoa kwenye ukumbi wa kijiji. Kamera tatu. Watu walisimama mpaka nje kwenye maegesho, wengi siwajui, na wengi nawajua. Mama wa duka la mikate alikuwepo, na dereva wetu wa basi. Si watu wabaya. Wamechoka kuzungumziwa na watu wasiowajua, nami naelewa hilo. Bwana Dowse alimwita Babu jukwaani na ukumbi ukapiga makofi mpaka madirisha yakatetemeka.

Babu aliishika kofia kifuani. "Nataka kusahihisha kitu," alisema. "Niliposema mgeni, nilimaanisha watu wa Thornwick."

Kisha ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Sema, Mzee!" mtu akapiga kelele. "Na hao wafukuzwe!"

"Nasema kweli," Babu akasema. "Binti anayepiga ya tano ni Mlithuania, na hakuna mkono kama wake—" Lakini makofi yalikuwa yameshaanza tena, na Bwana Dowse amemshika bega akicheka machozi. "Mnaona?" alisema kwenye kipaza sauti. "Huyu ndiye Mzee Wilf wetu!"

Tulirudi kwa miguu. Babu hakuvaa kofia ingawa kulikuwa na baridi. Karibu na nyumbani akasema, "Hata Grummitt alicheka. Yule mgeni."

Ijumaa, 16 Mei

Jua, shayiri imetoa masuke.

Babu alivaa tai akaenda kwa kina Milda, nami nikaenda naye. Mama Rasa alitoka na kitambaa chake cha manjano kichwani, alikuwa ametoka shambani. Hakutukaribisha ndani, hakufunga mlango.

Babu alieleza yote, mfereji, harusi, ulimi uliopinda. Alieleza vibaya, akajirudia. Mama Rasa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, nakuamini," alisema. "Lakini mimi umenieleza mlangoni. Wao uliwaeleza kwenye televisheni."

"Nimejaribu, mama. Hawataki kusikia."

"Basi sasa unajua." Hakusema kwa ukali. "Mimi nina zamu mapema kesho. Nawatakia jioni njema."

Milda alikuwa kwenye ngazi nyuma yake. Nilimpungia mkono. Aliangalia mkono wangu, halafu akaangalia vidole vyake mwenyewe.

Wakati wa kurudi Babu alisimama kwenye uzio wa Bwana Sleight. Alilitoa bango waya mmoja baada ya mwingine, bila haraka, magari yakipita. Moja lilipiga honi. Sijui lilikuwa la upande gani.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua mchana kutwa. Uchaguzi wa Bunge la Ulaya. Shule yetu ni kituo cha kura, kwa hiyo hatukusoma. Sikuwa na mtu wa kukaa naye.

Jumapili, 25 Mei

Asubuhi mawingu, adhuhuri jua, na upepo mdogo kutoka kusini, ule unaopeleka sauti ya kengele kichochoroni kwetu.

Leo ni siku ya kubariki mashamba. Kasisi hutembea na watu mpaka ukingo wa mfereji, nasi tunapiga mpaka warudi. Kasisi akiwa mbele ya msafara, kamba ya nne haina mtu, na ya tano haina mtu. Bwana Dowse alikuwa amejitolea kuleta wapigaji wawili hodari kutoka mjini, wanachama wake. Babu alimjibu kwamba ameshapata mmoja na mmoja anatosha.

Alikuwa Bwana Grummitt. Alipanda ngazi za mnara akihema, amevaa suti.

"Ukikata kamba," Babu akamwambia, "nitakuzika ng'ambo ya mfereji."

"Wilf, huko ndiko ninakotaka kuzikwa," Bwana Grummitt akasema.

Philippa alikuwa amerudi, kwa sababu matokeo yanatangazwa usiku na wanataka picha za kijiji cha Mzee Wilf. Kamera ilipowaka Babu alimshika Bwana Grummitt begani. "Mgeni ni huyu hapa," alisema. "Ndiye niliyemsema. Leo ameshika kamba. Mpige picha."

Bwana Grummitt akapunga mkono. Philippa akatabasamu, akamnong'oneza mpiga picha, naye akageuza kamera akapiga picha dirisha.

Babu aliifungua kamba ya tano kutoka ukutani. Nilidhani ameamua kumpa mtu. Aliiacha ining'inie katikati yetu, mahali pake. "Leo hatupigi tano," alisema. "Tunapiga sita. Ya tano, mwachieni mwenyewe nafasi yake."

Tukaanza. Moja, mbili, tatu, nne, kisha kimya, kisha ile nzito ya Babu. Moja, mbili, tatu, nne, kimya, sita. Mara za mwanzo niliingia haraka nikaharibu, kwa sababu masikio hayapendi tundu, yanataka kuliziba. Bibi Pocklington alikuwa analia na kupiga kwa wakati mmoja, na hakukosea hata mara moja. Pale nje, watu waliokuwa wakitembea kwenda mfereji walisimama wakageuka. Niliwaona kupitia dirisha dogo. Kijiji kizima kilisikia kwamba mtu hayupo.

Tulipomaliza Philippa aliuliza, "Moja imeharibika?"

"Hapana," Babu akasema. "Mwenyewe hayupo."

"Yuko wapi?"

"Nyumbani kwake. Nyumba ya tatu kutoka kwangu."

Philippa alisubiri kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi.

Usiku Chama cha Kujitoa kimeongoza wilaya nzima. Televisheni ilionyesha mnara wetu kwa mbali, bila sauti ya kengele, wameweka muziki. Babu hakuvaa tai. Alitoka kumwagilia vitunguu kabla haijaisha.

Jumatatu, 26 Mei

Angavu. Umande mwingi.

Shule ikifunguliwa namkabidhi Mwalimu Allenby shajara hii, akitaka. Likizo imeanza na hakuna shule, kwa hiyo nilienda kununua maziwa tu. Milda alikuwa amekaa kwenye ukuta wa kwao anakula mkate mweusi wa Kilithuania. Nilitaka kupita. Nilikuwa nimeshazoea kupita.

"Bryony."

Nikasimama.

"Nafasi mliyoniachia ilikuwa fupi," alisema. Hakutabasamu. "Ya tano haiendi hivyo. Babu yako aliingia mapema kila mara. Ningekuwepo, angenigonga."

"Alikuwa anaogopa kuchelewa," nikasema.

"Basi mwambie asiogope."

Alimaliza mkate wake, akakung'uta makombo kwenye sketi, akaingia ndani. Sijui kama Jumatano atakuja. Nimelitafuta jibu katika yote niliyoyaona na sikulipata, kwa hiyo sitaliandika.

Nilimkuta Babu shedini, redio imezimwa. Nikampa ujumbe, neno kwa neno, bila kukata popote.

Alifumba macho. Mkono wake ukapanda hewani, ukashika kamba isiyokuwepo, ukavuta, na kwa midomo akahesabu moja, mbili, tatu, nne. Kisha akasubiri. Alisubiri muda mrefu zaidi ya jana.